Mlango uliojifungua usiku: kisa cha fremu moja Mji Mkongwe

Bibi mwenye nyumba hakunipigia simu safari hii. Alimtuma mjukuu wake hadi karakana. "Bibi anasema uje na mwalimu wa kusoma au uje na nyundo, chochote utakachokipata mwanzo."

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha ghorofani, upande wa uani, katika nyumba ya zamani ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Kila usiku bibi anausukuma mpaka unagota, anazima taa, analala. Alfajiri akiamka kutia udhu anaukuta wazi, umeegemea ukuta kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Kitasa hakikusaidia kwa sababu ulimi wake haukufika kwenye tundu. Majirani walikwishatoa fatwa: chumba kina mwenyewe, yaani jini.

Mwenyewe nilikuwa mimi. Mlango ule niliutia kwa mikono yangu wiki tano nyuma, na kosa lake nimelieleza hapa kwa vipimo, kwa kuwa naliona katika nyumba nyingi tu na kila mara lawama hubebeshwa mbao.

Chumba kilikuwa hakina mlango kwa miaka mingi, pazia tu. Uwazi ulibaki kama ulivyoachwa siku fremu ya zamani iling'olewa: kingo zimemomonyoka, plasta imejaa viraka, huku chokaa, kule saruji. Nilikwenda na futi, nikapima upana katikati, sentimita 93. Nikapima urefu upande wa kushoto, 208. Nikaandika kwenye kiganja, nikashuka ngazi. Dakika mbili, hazikufika tatu. Karakana nikachonga fremu ya mninga yenye upana wa nje wa sentimita 92, na mlango wa paneli wa kuijaa. Mninga niliuchagua kwa sababu ni mbao iliyotulia, haitembei sana ikishakauka vizuri, nami nilijisifu kwa hilo.

Siku ya kuitia, fremu iligoma juu. Nikaona ukuta umebana kidogo, nikachukua tindo nikachonga ukuta. Ikaingia kwa nyundo. Fremu iliyoingia kwa nyundo mafundi wengi huiona ndiyo imekaa, nami siku ile nilikuwa mmoja wao. Nikailinganisha na uso wa ukuta, kulia na kushoto, ili plasta ije kukutana na mbao bila ngazi, nikapigilia misumari ya inchi tano, nikafunga bawaba. Mlango ulipofungwa, chini uligota na juu ukabaki umeachia kama upana wa kidole. Nikausukuma juu kwa bega, ukaingia, nikaachia, ukarudi. Nikamwambia bibi, "Mbao bado mpya, itakaa." Maneno hayo huyasema fundi anayetaka kwenda zake.

Mara ya kwanza aliponiita nilipiga randa. Mara ya pili nilihamisha bawaba ya juu. Mara ya tatu ndiyo hii ya mwalimu na nyundo, na hapo kwanza niliacha vifaa vyote vya kukata nikachukua timazi, yaani uzi wenye kitu kizito unaoonyesha wima, pima maji, mpira wa maji unaoonyesha usawa wa pande mbili, na uzi.

Timazi niliitundika upande wa bawaba, yaani kushoto ukiwa ndani ya chumba. Katika mita mbili za urefu, ukuta ulikuwa umelalia ndani ya chumba kwa sentimita 2.8. Nikahamia upande wa kitasa: nao umelalia ndani, lakini kwa sentimita 0.6 tu. Ukuta ule ule, miimo miwili, yaani mbao za kusimama za fremu, iliyoachana chini ya mita moja, na kila mmoja una ulalo wake. Kwa kuwa niliifuatisha fremu na uso wa ukuta, niliipinda. Fremu yangu ilikuwa na msokoto wa sentimita 2.2 kutoka pembe hadi pembe.

Ukitaka kuuona msokoto bila hesabu, chukua nyuzi mbili. Ufunge mmoja kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na mwingine kinyume chake, zipite juu ya uso wa fremu. Fremu ikiwa bapa, nyuzi hugusana katikati bila kusukumana. Zangu ziliachana kwa zaidi ya sentimita moja, nusu ya msokoto wenyewe, kama inavyopasa. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliingiza kidole kati ya nyuzi mbili, akakizungusha, hakusema kitu.

Habari ya jini ikaisha hapo hapo. Mlango unaning'inia kwenye mstari unaopita katikati ya bawaba. Mstari huo ukisimama wima, mlango hauna sababu ya kwenda popote. Utauacha nusu na utasimama nusu. Mstari ukiinama, uzito wa mlango hutafuta mahali pa chini kabisa, na mahali hapo ni upande ule ambao kichwa cha mwimo kimelalia. Mwimo wangu ulilalia ndani ya chumba, na mlango wangu unafungukia ndani ya chumba. Kila ukiachwa bila kitasa, unateremka mlima wake taratibu. Laiti ungekuwa unafungukia ukumbini, maradhi yale yale yangeufanya ujifunge wenyewe, na pengine bibi angenishukuru.

Na kitasa hakikushika kwa sababu ya msokoto: mlango ni bapa, fremu imepinda, kwa hiyo chini unagota kwenye rebeti, ule ukingo wa fremu unaouzuia mlango, huku juu umebaki hewani. Ndiyo maana randa haikusaidia. Unapunguza mbao pale inapogusa, na ugonjwa uko pale isipogusa.

Kabla sijasimulia nilivyouponya, kuna jambo la nyumba hizi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wa nusu mita au zaidi. Ule wa bibi ulikuwa na sentimita 52. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mwashi wa zamani hakuusaka ukuta wa kunyooka kama karatasi. Jiwe lina tumbo, chokaa inajaza, plasta inalainisha. Halafu miaka inapita, maji ya paa yanaingia, ncha ya boriti inaoza, na ukuta unahama milimita baada ya milimita. Mtu akishangaa kwamba ukuta wa namna hiyo hauko wima, ajue hajakaa nao.

Lakini milango ya zamani ndani ya kuta hizo hizo inafunga. Hilo lilinisumbua. Chumba cha jirani, hatua nne kutoka pale, bibi ana mlango wa asili wa mabawa mawili. Nikaupima. Miimo yake nayo imelala, upande mmoja karibu sentimita mbili. Na unafunga.

Nilikaa mbele yake nusu saa nzima, bibi akidhani nimechoka. Kwanza, zamani fremu ilisimamishwa mapema na ukuta ukajengwa kuifuata. Seremala alianza, mwashi akaja nyuma yake. Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa wima, na ukuta ulipohama ulihama na fremu yake pamoja. Sisi leo tunafanya kinyume: ukuta uko pale miaka mia, halafu tunauletea fremu ya karakana na kutaka wapatane siku moja. Pili, kila ubawa una upana wa sentimita arubaini na kitu. Msokoto unaoukasirisha mlango mpana unagawanyika ukiwa na mabawa mawili membamba. Na tatu, mabawa hayo hayana bawaba za chuma. Kila ubawa una kidole cha mbao juu na chini, kinazunguka ndani ya tundu kwenye kizingiti, na kidole hicho kinacheza. Ukitikisa, mlango unatoa sauti ya kugugumia. Katikati kuna mfaa, ule mti wa kusimama uliogongomelewa kwenye ubawa mmoja, mpana wa kutosha kuficha uchochoro wowote kati ya mabawa. Kwa macho ya seremala wa leo anayependa upenyo wa milimita tatu kila upande, ule ni mlango uliolegea. Ulegevu ndio unaoufanya ufunge.

Mimi nilikuwa nimeleta mlango mmoja mpana, bawaba ngumu, upenyo wa milimita tatu, kwenye ukuta wa aina ile. Mlango wa namna hiyo haukubali utani. Ama fremu isimame wima na bapa, ama usahau.

Nilikuwa na njia kadhaa mbele yangu. Kubomoa kingo na kuzijenga upya ziwe wima: sikuifikiria mara mbili. Tangu sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la kale la hapo mjini, ilipoporomoka Desemba 2020, mkazi wa Mji Mkongwe akisikia nyundo nzito ukutani moyo unamruka, na ana haki. Juu ya uwazi ule kulikuwa na boriti zilizobeba mawe yote ya juu, na sikujua ncha zake zina hali gani ndani. Njia nyingine ni ya ujanja: uiache fremu ilivyo, ung'oe ubao wa rebeti upande wa kitasa na kuupigilia upya ukifuata mlango badala ya fremu. Msokoto ukiwa chini ya sentimita moja hivi, njia hii ni halali na nimeitumia mara nyingi. Wako wanaogawanya kosa, robo kila pembe, lisionekane. Kwa bibi zote mbili zingefanya kitasa kishike, lakini mwimo wa bawaba ungebaki umelala na mlango ungeendelea kujifungua kila mtu anaposahau ufunguo. Ikabaki kung'oa na kuanza tena, mbao na siku zikiwa juu yangu.

Kung'oa kulikuwa rahisi kuliko nilivyotaka kukiri. Misumari ya inchi tano ilitoka kwa mkono, mmoja ukiwa umeshaanza kutu. Matumbawe yana chumvi, na ndani yake ukitoboa unakutana na jiwe gumu hapa na vumbi pale; fisha ya plastiki, ile ya kushikia skrubu, inazunguka tu, msumari unalegea. Fremu yangu haikushikwa na ukuta. Ilibanwa.

Safari hii nilipima kama ilivyotakiwa. Upana: juu 91.5, katikati 93, chini 95.5. Lakini hata vipimo hivyo vitatu vinadanganya, maana ukuta unaweza kuwa mwembamba mahali ambapo hukupima, na pande mbili zinaweza kulalia upande mmoja. Unachohitaji ni mstatili ulio wima unaoweza kupita. Nikashusha timazi mbili kutoka juu, nikazisogeza mpaka hakuna iliyogusa jiwe popote. Kati yake nikapata sentimita 90. Fremu ikawa 88, nibakiwe na pa kupenyeza kabari. Kile kipimo changu cha 93 kilikuwa ukweli usio na kazi.

Kwa urefu nilitumia mpira wa maji, nikaweka alama mbili zilizo sawa, moja kila upande, kama mita moja kutoka chini. Kutoka alama kwenda chini: kushoto 101.2, kulia 99.8. Kwenda juu: kushoto 106.8, kulia 105.7. Sakafu imepanda kulia kwa 1.4 na kichwa cha uwazi kimeshuka upande huo huo kwa 1.1. Mara ya kwanza nilikata miguu ya fremu sawa sawa, kwa hiyo kichwa kilikaa upogo tangu saa ya kwanza. Sasa mguu wa kulia niliukata mfupi kwa 1.4. Fremu ikilala karakanani inaonekana ya kilema. Ikisimama mahali pake, kichwa kinakaa sawa na maji.

Sakafu ya ndani nayo ilikuwa na lake. Mtu fulani zamani aliongeza tabaka la saruji juu ya sakafu ya chokaa, na mlango unapofunguka ncha yake inakutana na mwinuko wa sentimita moja na nusu. Nikatia kizingiti cha mkongo, unene 1.8 kulia na 3.2 kushoto, uso wake sawa na maji, na mlango ukapita milimita nne juu yake. Kwa hesabu hiyo ncha inavuka mwinuko ikiwa na milimita saba za akiba. Bibi alitaka kujua kwa nini ameletewa kitu cha kujikwaa. Nikamwonyesha mlango ukizunguka, akaridhika nusu.

Kushikilia fremu nilirudi kwa wazee. Nilichimba vishimo vitatu kila upande, kwa patasi na nyundo ndogo, vipana ndani na vyembamba mdomoni, nikapachika vipande vya mninga vilivyochongwa umbo hilo hilo na kujaza kwa chokaa, mchanga na unga wa tofali la kuchoma. Unga ule unaifanya chokaa ishike haraka na hata palipo na unyevu. Saruji sikuitaka. Ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na inazuia unyevu kutoka. Tazama kuta zilizopigwa saruji mjini humo, plasta inavyobanduka kwa vipande vikubwa ikiwa na chumvi nyeupe mgongoni. Nikafunga vishimo, nikamwambia bibi tuonane baada ya siku kumi. Akasema, "Sasa umekuwa fundi wa kuoteshea mbao?"

Siku kumi zilipotimia nilisimamisha fremu kwa kabari za mbili mbili, moja kutoka kila upande, ili ikisogea isisogee kwa kupinda. Upande wa bawaba kwanza: timazi uso wa mbele, timazi ubavuni. Kisha kichwa. Kisha upande wa kitasa, na upande huo sikuufuata ukuta wala timazi peke yake, niliufuata uzi. Nilikaza na kulegeza kabari ya chini kulia mpaka nyuzi mbili zikabusiana. Hapo tu ndipo skrubu za shaba zilipoingia, kupitia kabari hadi kwenye vipande vya ukutani, bila nyundo hata moja. Mlango nao niliupunguza sentimita mbili kila ubavu uijae fremu mpya. Miimo ya mlango wenyewe, ile inayoshika paneli, ilibaki myembamba kuliko nilivyopenda, na jicho la fundi litaliona hilo.

Kulikuwa na uamuzi mmoja zaidi, na huu watu hubishana. Ukuta umelala, fremu imesimama: zitakutana wapi? Niliilinganisha na ukuta juu kushoto, pale palipotokeza kuliko pote. Maana yake chini fremu imetokeza chumbani kwa sentimita 2.8 pande zote mbili, na juu kulia kwa 2.2. Ningeweza kuisukuma nyuma iwe sawa chini, lakini basi juu ingezama ndani ya ukuta na mlango usingefunguka hadi mwisho. Ungegonga tumbo la ukuta. Nikapendelea itokeze. Nafasi iliyobaki nyuma niliijaza vigae vya mawe na chokaa, na mbele nikatia pembe za mbao zilizochongwa kama kabari ndefu: ya kushoto inaanza na unene wa 2.8 chini na kuishia na si chochote juu.

Ubao wa kuficha kiungo ndio uliokula siku nzima. Ubao ulionyooka ukiuegemeza kwenye ukuta wa chokaa unaacha nyufa za mwezi mwandamo, hapa unagusa, pale kidole kinapita. Nilifunga penseli kwenye kigae cha mbao chenye unene wa ufa mkubwa kuliko wote, nikasimamisha ubao wima, nikaburuza kigae ukutani kutoka juu hadi chini. Ukuta ukajichora wenyewe juu ya ubao: tumbo lake, kovu la tindo langu la mara ya kwanza, kiraka cha saruji. Nikakata kwa msumeno mwembamba nikiacha mstari, nikamalizia kwa patasi. Ulipokaa, ukingo wa nje ulifuata kila donge la ukuta na ukingo wa ndani ulibaki umenyooka kama uzi. Jicho hutazama wa ndani.

Niliacha mlango nusu wazi, nikarudi nyuma. Ulisimama. Bibi akausukuma kidogo kwa ncha ya bakora, ukaenda ulipoambiwa, ukasimama tena. Kitasa kikalia mara moja.

Nilipita tena masika yalipokwisha. Mbao ilikuwa imevimba kidogo, upenyo wa upande wa kitasa umebaki milimita mbili badala ya tatu, lakini haukwaruzi. Pembeni mwa pembe ya kushoto chokaa ilifanya ufa mwembamba kama unywele, nikaupaka. Mahali fremu inapotokeza chini, mjukuu ameshapafanya rafu ya kuegemezea viatu.

Bibi akanipeleka kwenye ule mlango wa mabawa mawili, akautikisa, ukagugumia. "Na huu, mwanangu, huuoni umelegea? Utauwekea bawaba lini?" Nilimwomba asimruhusu mtu yeyote kuugusa, nikianza na mimi.